Mchonga Funguo Aliyesema Hajasikia

Katika avenue moja ya mtaa wa Bwiza, kati ya saluni ya akina mama na baa inayofungua muziki kabla ya kufungua milango, kuna kibanda cha bati kilichopakwa buluu. Humo hukaa Rachid, mchonga funguo, mtu wa miaka hamsini na moja, mrefu, mwenye kofia ya kufumwa asiyoibadilisha ila ikichanika. Ukuta wa nyuma umejaa funguo mbichi ambazo hazijachongwa meno, mamia kwa mamia, zinaning'inia kwenye misumari kwa mpango anaoujua yeye peke yake, na ole wako uhamishe mmoja. Sura za wateja humpotea, lakini ufunguo aliouchonga mwaka jana ataukumbuka meno yake yote. Mpelekee kufuli iliyowashinda mafundi wa mitaa ya Buyenzi na Kamenge. Ataitia waya, atafumba macho, na hujamaliza kulalamika itakuwa imefunguka. Wakubwa wa mtaa wa Kiriri humtumia gari limchukue pale milango yao inapowafungia nje. Kwa vidole, Rachid anasikia kila kitu.

Kazi iko kwenye masikio.

Wala usidhani ni kiziwi. Angekuwa kiziwi, mtaa ungemwelewa zamani. Tabu ya Rachid ni kwamba anasikia vyote kwa mara moja, na kwake vyote vina cheo kimoja: muziki wa baa, mashine ya kukausha nywele, kisaga chake mwenyewe cha kuchongea funguo, pikipiki, mama anayegombana na muuza mkaa, na mteja aliyesimama mbele yake akieleza mlango wake una ubaya gani. Maneno humfikia kama maharagwe ya sokoni, yamechanganyika na vijiwe, na inabidi ayachambue kwanza. Yeye akiwa bado anachambua sentensi ya kwanza, mteja yuko ya nne. Ndiyo maana ana ile kawaida yake ambayo mtaa mzima unaiigiza: unamwambia jambo, anakuuliza, "Nini?" na wewe unapofungua mdomo urudie, tayari amekujibu. Mkewe Mwanasiti aliishi miaka mingi akiamini ni dharau.

Ili asionekane mjinga, Rachid alijifundisha mapema dawa moja ya magonjwa yote. Dawa hiyo ni "sawa". Akikosa maneno, anatikisa kichwa, anatabasamu, anasema, "Sawa, sawa. Inshallah." Watu wakicheka, naye anacheka, nusu pumzi baada yao. Kwa dawa hiyo amepata hasara za kila namna. Kuna wakati alijikuta katibu wa kamati ya kufua mazulia ya msikiti, akaitumikia miaka mitatu bila kujua alikubali siku gani. Nyumbani kwake kuna paka wawili walioingia kwa mlango huo huo. Mwaka wa barakoa, watu walipofunika midomo, ndipo alipogundua kwamba maisha yake yote alikuwa akisoma midomo ya watu bila kujua. Mwaka huo alisema "sawa" nyingi kuliko miaka kumi iliyotangulia, na mambo aliyoyakubali mengine hadi leo hayajajulikana.

Alipokuwa mdogo madrasa, darasa likiitikia pamoja, sauti yake ilichelewa, ikabaki peke yake hewani, na fimbo ikamjia. Msahafu aliopewa mkononi aliusoma akauhifadhi upesi kuliko wenzake, lakini hilo halikumwokoa. "Sikio la kufa halisikii dawa," mama yake alikuwa akisema, na Rachid akakua akijua kwamba kasoro yake ni ukaidi, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kuuona huo ukaidi unakaa wapi.

Sasa sikia kilichompata mwaka jana.

Ilikuwa Jumapili mchana, harusi ya jirani, maspika mawili marefu kuliko bwana harusi. Yasmina, binti wa marehemu kaka yake, alimwinamia akamwambia jambo sikioni. Sikioni ndipo mahali pabaya kuliko pote, maana mdomo hauonekani. Aliongea kwa kirefu, macho yana machozi. Rachid hakupata hata neno moja. Alimpapasa mkono akasema, "Sawa, mwanangu. Inshallah."

Wiki iliyofuata kaka yake mkubwa, Moubarak, aliingia kibandani bila salamu. Moubarak anauza vitambaa, na kwa miaka ishirini ndiye aliyekuwa mdomo wa ukoo: msibani, kwenye mahari, kwenye kesi za uzio, yeye ndiye husimama.

"Nasikia Yasmina anakuja kuposwa," alisema. "Na we ndiye utasema, ulimukubalia kwa harusi. Siyo mimi."

"Nini?" Rachid alisema, na kabla Moubarak hajarudia, rangi ikamtoka usoni. "Mimi?"

Ili uelewe kwa nini rangi ilimtoka, ujue posa za huku kwetu. Familia mbili haziongei zenyewe. Kila upande unaleta msemaji, na wasemaji hao wanakaa kati ya uwanja wanapigana kwa maneno. Wageni hawasemi wamekuja kumtaka binti. Watasema wamepotelewa na ndama, au wameona moshi wakaja kuomba moto. Wenyeji nao watajifanya hawaelewi. Fumbo linarushwa, unalidaka, unalirudisha limeongezwa pilipili, na watu mia wanacheka, wanapiga makofi, watoto wanalia. Msemaji anayekosa jibu anatozwa kreti ya Fanta, na aibu yake inaishi muda mrefu kuliko ndoa yenyewe. Mtu ambaye maneno yanamfikia yamechelewa, kumpeleka pale ni kumpeleka samaki kwenye mashindano ya kupanda miti.

Jioni hiyo hiyo Rachid alimtafuta Yasmina nyumbani kuomba msamaha na kujitoa. Alimkuta uani akipiga pasi sare yake nyeupe. Binti huyu alifiwa na baba akiwa na miaka tisa, akalelewa na Rachid na Mwanasiti. Sasa yuko mwaka wa tatu wa uuguzi, Kamenge. Rachid alisimama mbele yake, akatoa kofia, akasema ukweli ambao hakuwahi kumwambia mtu.

"Mwanangu, siku ile ya harusi, mi sikusikia kitu ulisema. Hata neno moja. Nilisema sawa tu."

Yasmina aliweka pasi pembeni akacheka.

"Baba mudogo, mi nilijua. We ukisikia, unauliza maswali mingi. Siku ile hukuuliza kitu."

"Sasa kwa nini ukaniacha?"

"Sababu we ukisema sawa, hurudi nyuma. Angalia wale paka."

Kisha akaacha kucheka, akamweleza polepole, uso kwa uso. Anouar, kijana anayemposa, ni mtu mzuri na wameelewana. Tabu ni mama yake Anouar, ambaye amesema mbele ya watu kwamba wakamwana wake watakaa dukani kwake Buyenzi, na shule ni ya wasichana ambao hawajaolewa. Anouar ameahidi, lakini ahadi ya wawili kwenye simu haina shahidi. Na maneno ya wasemaji watu wanayahesabu kuwa mchezo. Neno moja tu la siku ya posa linabaki, halibishwi hata na mama mkwe: lile analotamka binti mwenyewe, akiulizwa kama amekubali.

"Nataka niseme kwa mudomo wangu kwamba nitamaliza masomo," alisema. "Lakini unajua vile inakuwa. Mutoto akisema 'nimeku...' tu, mama zetu wanapiga vigelegele, baba mukubwa anaanza Fatiha, kwisha. Baba mukubwa anasikia vizuri, lakini hasikilize. Anajuaga mbele kitu utasema. We hujuagi, donc, basi, unangojea. Mi nataka mutu wa kungojea."

Rachid alirudi ndani na kofia mkononi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Alikuwa na wiki saba kabla ya posa.

Hatua ya kwanza alikwenda kupima masikio, kwenye kliniki moja ya mjini kati. Walimwingiza katika chumba kidogo kisicho na mwangwi, wakamvisha vifaa vya masikioni, wakampa kitufe abonyeze kila akisikia mlio. Rachid alibonyeza kwa raha zake. Chumba hicho alikipenda hata akataka kujua kinajengwaje. Daktari alitazama karatasi akasema ana masikio ya kijana wa miaka ishirini. Ukweli ni kwamba Rachid alihuzunika. Alikuwa amejiandaa kwa uziwi, hata amekwisha kutunga jinsi atakavyomtangazia Moubarak, na sasa ameambiwa ni mzima.

"Kama ni mazima, kwa nini sisikie watu?" aliuliza.

Yule daktari, Mungu ambariki, hakumwambia ni uzee wala ni mawazo. Alimpa namba ya mtaalamu wa saikolojia, mwanamke anayeitwa Christa, mwenye ofisi ndogo Kamenge. Rachid alikwenda mara nne, akamchukua na Mwanasiti. Christa alizima feni kabla ya kuanza, akakaa mahali ambapo mwanga unaangukia uso wake, na Rachid akamwamini kwa hayo mawili kabla hajauliza swali la kwanza.

Maswali yalikuwa ya ajabu. Je, anasumbuliwa na kile kitambaa cha nembo kinachoshonwa kwenye kola ya shati? Mwanasiti alijibu yeye: shati likiingia nyumbani, kabla ya kuvaliwa linapita kwenye mkasi. Anakula nini mchana? Ugali na ndagala, vile visamaki vidogo, alisema Mwanasiti, tangu anioe, na siku moja nilimpa samaki mukubwa akauliza nani amekufa. Utotoni alicheza nini? Rachid alisema alikuwa akipanga vizibo vya soda kwa ukubwa wa kutu. Ilifika mahali Christa anauliza, Mwanasiti anajibu, na Rachid anasikiliza habari zake mwenyewe kama mtu anayesomewa barua.

Mara ya nne Christa alimwambia. Alitumia neno la Kifaransa, autisme, kisha la Kiswahili, usonji. Alisema siyo ugonjwa ulioingia juzi, amezaliwa nao. Alisema watu wengi wa namna yake masikio yao hupokea vizuri, lakini kichwa hakichagui sauti ipi iingie kwanza na ipi ingoje nje, kwa hiyo maneno yanachoka njiani. Alisema wa kizazi chake hawakupimwa, walichapwa tu.

Rachid alivua kofia, akaikagua mshono kwa mshono. Mwanasiti akamshika mkono, akidhani ameumia.

"Donc," alisema mwishowe, "mi siyo kufuli mubovu. Ni ya aina ingine."

"Ni vile," alisema Christa.

"Na kufuli ya aina ingine, huwezi kuilazimisha na ufunguo ya jirani."

"Utaivunja."

Basi Rachid akacheka, akacheka hadi machozi, na Mwanasiti naye akalia kidogo, kwa ajili ya miaka ishirini na nne ya kumkasirikia mtu kwa neno "nini". Njiani kurudi alimwomba msamaha. Rachid alimwambia, "Nini?" kisha akamwambia amemsamehe.

Moubarak alipoelezwa, alisema autisme ni ya watoto, tena wa wazungu, na mtu mwenye mke na paka wawili hawezi kuwa nayo. Hakuna aliyemfuata katika hilo. Mwanasiti alikwisha kuanza mazoezi.

Kila siku baada ya chakula cha mchana aliwasha redio, akaita majirani wawili, akawaambia wasemezane, kisha yeye akamrushia mumewe mafumbo. Christa alikuwa amewapa mbinu, na nyingine walibuni wenyewe. Vizibo laini vya sponji masikioni vilipunguza makelele bila kuua maneno. Msemaji akae mbele, siyo pembeni. Jambo moja kwa wakati mmoja. Na ile iliyomfaa kuliko zote: kabla ya kujibu, arudie alichoambiwa, kwa maneno yake, aulize kama ndivyo. Wakati anarudia, kichwa kinapata nafasi ya kumaliza kuchambua. Mwanzoni alirudia kama mtoto wa shule. Wiki ya tano alikuwa anarudia kama hakimu.

Kibandani nako akaandika ubao, Kiswahili juu, Kirundi na Kifaransa chini: "Simama mbele yangu. Sema moja moja. Nikirudia, usikasirike." Wateja wawili walikasirika. Wengine walisimama mbele yake, wakasema moja moja, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuchonga ufunguo wa mlango wa mbele kwa mtu aliyetaka wa kabati.

Siku ya posa ikafika, Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Uwanja wa Rachid ulitandikwa mikeka, viti vikapangwa, na wageni kutoka Buyenzi wakaingia na masinia yao yamefunikwa. Msemaji wao alikuwa Byamungu, mwalimu mstaafu wa asili ya Uvira, ng'ambo ya mpaka, Mkristo, mtu mnene mwenye leso begani. Katika shughuli hii huku kwetu watu hawaulizi ulimi unasali wapi. Byamungu alikuwa ameshatoza kreti za Fanta mitaa yote, na alimtazama Rachid kwa huruma.

Rachid hakumwambia mtu lolote. Alitumia haki ya mwenyeji. Aliomba spika izimwe, eti kwa heshima ya wageni. Alimwomba jirani azime jenereta. Kisha akachukua kiti cha Byamungu kwa mikono yake mwenyewe, akakiweka mbele ya chake, magoti kwa magoti. Wazee walitazamana wakasema, huyu anajua desturi za zamani. Hakuna desturi kama hiyo, lakini nani atabisha na mtu aliyenyooka vile?

Byamungu alisafisha koo.

"Ndugu zetu, tumetoka mbali, tumechoka, jua limetupiga, lakini tumekuja kwa furaha. Kijana wetu amejenga nyumba muzuri, iko na madirisha, iko na bati mupya, lakini mulango wake hauna ufunguo. Tumezunguka muji wote. Tukaambiwa Bwiza kuko fundi, na kwake kuko ufunguo moja haijawahi kuingia mulango wowote."

Vicheko na makofi. Moubarak, aliyeketi nyuma, alikuwa na majibu matatu ulimini na hakuna aliyemuuliza. Rachid alingoja. Alingoja hadi makofi yakaisha, akangoja tena kidogo, na ukimya ule ukawafanya watu wasogee mbele.

"Mumesema mumetoka mbali," alianza polepole. "Ni vile?"

"Ni vile," alisema Byamungu.

"Mumetoka Buyenzi. Kutoka Buyenzi mupaka hapa ni dakika kumi na mbili kwa miguu. Mumesema pia jua limewapiga. Kwa dakika kumi na mbili."

Mtu mmoja akacheka.

"Mumesema kijana amejenga nyumba. Mumesema mulango hauna ufunguo. Ni vile?"

"Ni vile."

"Sasa yeye analalaga wapi?"

Uwanja ulilipuka. Byamungu akajifuta uso kwa leso. Alijaribu kwa njia nyingine, akaleta ndama, akaleta mvua, akaleta babu wa Anouar na ng'ombe wake, lakini kila alichokirusha kilirudishwa kimekunjuliwa, kikiwekwa mapajani mwake kipande kwa kipande, na kila kipande kikimuuliza, ni vile? Mtu aliyezoea kushinda kwa mbio alikuwa amekutana na mtu anayetembea. Kreti ya kwanza ya Fanta ikalipwa na wageni. Mwanasiti, nyuma ya pazia, alifunga mikono kifuani kama kocha.

Hatimaye Byamungu akasema wazi kile walichokuja kukitaka, na ikawa zamu ya binti kuletwa. Yasmina alitoka ameshikwa mkono na Mwanasiti, mtandio wa kijani, uso wazi, macho chini. Akina mama walikuwa tayari, vigelegele vimejaa midomoni kama maji. Rachid alisimama mbele ya binti aliyemlea.

"Yasmina, hawa watu wametoka kwa Anouar. Unataka? Umekubali?"

"Nimekubali..." alisema Yasmina, na vigelegele vikapasuka. Vilijaa uwanja, vikavuka ukuta, wapita njia wakaitikia. Moubarak alisema alhamdulillah akainua mikono kwa ajili ya Fatiha. Byamungu alikuwa ameshasimama kushukuru. Kwa watu wote mia, mambo yalikuwa yamekwisha.

Lakini Rachid alikuwa akitazama mdomo, kama alivyotazama midomo maisha yake yote, na mdomo wa Yasmina ulikuwa haujasimama. Uliendelea, maneno mengi, kisha ukafunga. Binti akainua macho akamtazama.

Alijua maneno hayo ni yapi. Lakini akiyasema yeye, ni maneno ya msemaji, na ya msemaji ni mchezo. Asiposema kitu, Fatiha itasomwa juu ya nusu ya neno. Mdomoni ile "sawa" ya miaka hamsini ilikuwa imekaa tayari, nyepesi, imezoea njia. Alikuwa na hofu, hilo nisikufiche. Alikuwa na hofu kuliko siku za fimbo.

"Mungoje," alisema. "Mi sikusikia."

Moubarak alimvuta kanzu kwa nyuma. "Amesema ndiyo. Na hata angenyamaza, kimya ya mwali ni ndiyo."

"Kaka, hakunyamaza. Nimeona mudomo wake. Amesema maneno ingine, na mi sikuisikia."

Kisha akawageukia watu wote.

"Muniwie radhi. Masikio yangu ni mazima, daktari amepima. Lakini kichwa changu kinapokea maneno moja moja, na kukiwa kelele, haifike. Inaitwa autisme. Nimekaa nayo miaka makumi tano na moja, nimeijua mwezi uliopita. Ndiyo maana nilizima ile spika. Zamani ningesema sawa, tungesoma Fatiha, tungekula. Lakini leo sitasema sawa juu ya kitu sijasikia. Yasmina, rudia, mwanangu. Tunangoja."

Yasmina alivuta pumzi, akasema kwa sauti iliyofika hadi kwa watoto waliopanda ukutani.

"Nimekubali kuolewa na Anouar. Na nitamaliza masomo yangu Kamenge, nitafanya kazi ya uuguzi. Hizo mbili ni neno moja."

"Umesema umekubali Anouar," Rachid alirudia. "Umesema utamaliza masomo na utafanya kazi. Na umesema hizo mbili ni neno moja, haziachane. Ni vile?"

"Ego, ndiyo, baba mudogo. Ni vile."

Byamungu alitazama kushoto na kulia, akakosa fumbo. Ikabidi amgeukie mama yake Anouar, ambaye alikuwa amekaa katikati ya shangazi za kijana, mkono kwenye shavu.

"Kumbe alisema yote hayo?" aliuliza mama huyo. "Mi nilisikia ndiyo tu."

"Hata mi," alisema shangazi mmoja.

"Hata mi," alisema mwingine, ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza.

Moubarak alijikohoza. "Ile ya shule... kweli, haikunifikia."

"Mimi hata ile ndiyo sikuisikia," Byamungu alikiri. "Nilisimama sababu niliona wengine wanafurahi."

Watu walicheka mpaka mikeka ikajikunja. Katika watu mia wenye masikio, alikuwa amepatikana mmoja tu wa kusema hajasikia. Anouar, ambaye kwa desturi hakupaswa kufungua mdomo, aliinama kwa mama yake akasema, "Mama, mi nilimuahidi." Mama alimtazama Yasmina toka mtandio hadi viatu, na watu wakangoja, maana kicheko ni kicheko lakini neno lilikuwa bado halijapokelewa.

"Mi niko na sukari, niko na presha," alisema hatimaye. "Kila wiki napanga mustari kwa dispensaire kama mutu wa kuomba. Nyumba yangu ipate infirmière, muuguzi wangu, na mi nikatae? Amalize masomo. Hizo mbili ni neno moja, nimesikia."

"Umesema amalize masomo," Rachid alisema. "Ni vile?"

"Ni vile, we mwanaume," alisema mama, na hata yeye akacheka. Ndipo Moubarak akaruhusiwa kuinua mikono, na Fatiha ikasomwa, na vigelegele mara hii vikangoja "amin".

Siku hizi Byamungu hupita kibandani kila baada ya siku mbili tatu, anakaa kwenye kigoda kilicho mbele ya ubao, anasema moja moja. Mwenye baa hupunguza muziki asubuhi, bila kuombwa mara mbili. Moubarak bado anasema autisme ni ya watoto, ila anakuja kusimama mbele ya mdogo wake kabla ya kulisema. Paka wamekuwa watatu, lakini wa tatu Rachid alimkubali kwa kusikia.

Yasmina anakaa Buyenzi na mumewe, yuko mwaka wa mwisho. Asubuhi, kabla ya kupanda basi la Kamenge, anakatiza Bwiza na sare yake nyeupe, anasimama pale panapotakiwa, mbele ya meza, mwanga usoni. Rachid anazima kisaga.

"Naenda shule, baba mudogo."

"Unaenda shule," anasema Rachid. "Ni vile?"

"Ni vile."

Anamngoja hadi akunje kona, kisha anawasha kisaga chake.